Joka Lililopewa Sifuri

Nina kinyongo kimoja nilichokitunza kuliko vyombo vyangu vya harusi. Vyombo vingi vimeshavunjika. Kinyongo kipo, kizima, hakina hata ufa, na kilizaliwa siku mwalimu wangu wa darasa la sita aliponipa sifuri kwa sababu ya joka.

Mwaka huo shule yetu pale Ifakara ilipokea sanduku la vitabu vya msaada. Vilikuwa vitabu vya watoto wa Ulaya, karatasi nzito, picha za rangi, na karibu nusu yake vilikuwa vya majoka. Kulikuwa na joka jekundu lililolalia rundo la dhahabu, na joka la kijani lililokuwa likitema moto juu ya paa za watu, na kila mara alikuwepo kijana mwenye upanga ambaye lazima aliue kabla kitabu hakijaisha. Kiingereza chake hatukukiweza, kwa hiyo tulisoma picha. Nilivipenda, sitasema uongo. Nilivipenda mpaka nikawa nanawa mikono kabla ya kuvishika.

Ufunguo wa kabati la vitabu alikuwa nao mwalimu wetu wa Kiswahili. Hakuwa mtu wa mtoni. Alihamishiwa kwetu kutoka mbali na hakuacha kutukumbusha. Siku moja akatupa insha. Andikeni hadithi juu ya joka, alisema, na itakayoshinda itasomwa mbele ya shule nzima. Wenzangu waliguna. Mimi nilifurahi, kwa sababu joka nilikuwa nalo nyumbani.

Bibi yangu mzaa mama ndiye aliyenilea, na kazi yake ilikuwa kukausha samaki. Kila kiangazi, maji ya Kilombero yakishuka, wavuvi walihamia kwenye kambi za kandokando ya mto, naye alihama nao. Wanaume walileta samaki, wanawake waliwapanga juu ya vichanja na kuwasha moto mdogo wa chini kwa chini, wenye moshi mwingi, siku nzima. Bibi alikuwa anageuza samaki huku anasimulia. Alikuwa na hadithi nyingi, lakini ile aliyoipenda mwenyewe ilikuwa ya joka la mtoni.

Joka lile halikuwa na bawa hata moja. Lilikaa kwenye kona ya mto, pale maji yanapokuwa meusi, na lilipojigeuza kulalia ubavu wa pili bonde lote lilifurika. Pale kambini hakuna aliyelitaja kwa jina akiwa karibu na maji. Waliliita mkwe. Na mkwe, kwa desturi waliyokuwa wakiifuata, humtaji jina, humkazii macho, mkikutana njiani unapisha, na kula naye sahani moja ni aibu ya kuhama kijiji. Basi na joka lilitendewa hivyo hivyo. Nikienda kuchota maji bibi alinipigia kelele kutoka kwenye moshi, "Mpishe mkwe kwanza!" nami nilisimama nimegeuka pembeni, nikahesabu moyoni, ndipo nikainama na ndoo yangu.

Katika hadithi, kuna msichana mmoja ambaye baba yake anaumwa, na mtumbwi wao wa pekee umechukuliwa na maji. Anapika wali, anaupeleka kwenye kona ya mto, anauweka ukingoni, kisha anageuka na kuyapa maji mgongo. Anasema shida yake akiwa ametazama majani. Joka linatoka, yeye analisikia tu, halioni. Linamuuliza kwa nini hamtazami anayezungumza naye. Msichana anajibu, "Wewe ni mkwe." Joka linaridhika, linamrudishia mtumbwi, na linaomba kitu kimoja tu, kwamba mvua zikianza watu wahame mabondeni mapema, walipishe. Hadithi imeisha. Hakuna anayekufa.

Niliiandika yote, kurasa tano, mbele na nyuma. Niliandika kwa mkono mzuri kuliko wakati wowote katika maisha yangu.

Mwalimu aliisoma mbele ya darasa, lakini haikuwa kwa kushinda. Aliisoma kwa sauti ya kubana pua. Kila alipofika kwenye neno mkwe alisimama ili watu wacheke, na watu walicheka, kwa sababu mwalimu akitaka mcheke mnacheka. "Joka gani hili halina moto?" aliuliza. "Halina mabawa. Shujaa hana upanga, na badala ya kupigana amegeuza makalio! Na mkwe, mkwe, mkwe. Binti, wewe umeolewa na joka?"

Darasa lilianguka kwa kicheko. Jirani yangu wa dawati, mtoto wa wafugaji waliokuja na ng'ombe kutoka upande wa ziwa, ndiye pekee aliyenigusa kiwiko na kuninong'oneza, "Hata kwetu liko hivyo, halina mabawa." Nimemkumbuka kwa wema miaka yote hii. Wengine wote niliwaweka kwenye orodha.

Daftari langu alilipandisha juu ili tuone: sifuri kati ya ishirini, na chini yake, kwa wino mwekundu, Upuuzi. Kisha akalitupia kwenye droo yake. Sikurudishiwa. Mpaka namaliza shule ya msingi niliitwa Mke wa Joka, na wavulana walikuwa wakinipisha njia kwa kuinama na kusema, "Pita, mkwe." Bibi aliniuliza mara moja insha yangu ilikwendaje. Nilimwambia nilipata kumi na nane. Huo ndio uongo ambao sijawahi kumsamehe mwalimu yule, kwamba alinifanya nimwambie bibi uongo juu ya hadithi yake mwenyewe.

Miaka imepita. Leo nina duka la stesheneri mtaa wa Viwanja Sitini, hapa hapa Ifakara. Ninatoa kopi, nachapa barua za maombi, risala za harusi, katiba za vikundi. Bibi ninaishi naye. Macho yake yamekwisha. Ule moshi wa vichanja uliyala kidogo kidogo, kiangazi baada ya kiangazi. Anakaa barazani na redio yake, anawatambua wapita njia kwa nyayo.

Siku moja akaingia dukani mzee mwenye koti la kijivu na bahasha ya kaki kifuani. Nilimjua kabla hajafungua mdomo. Yeye hakunijua. Miaka inambadilisha mtoto wa kike kuliko inavyombadilisha mwalimu.

"Shikamoo," nilisema.

"Marahaba, binti. Nasikia wewe unachapa haraka." Aliiweka bahasha juu ya kaunta kama mtu anayelaza mtoto. "Nimestaafu, nipo zangu Kiberege, nalima mpunga. Nimeona niandike kitabu cha watoto. Siku hizi watoto wanataka majoka tu. Ukiwasha luninga, majoka. Nimesema ngoja na sisi tuwe na la kwetu."

Alitaka nakala chache za siku ya usomaji katika shule yetu ileile, halafu, mambo yakienda vizuri, apeleke Dar es Salaam kwa wachapishaji. Nilivuta karatasi ya kwanza. Juu palikuwa na jina lake, kubwa, limepigiwa mistari miwili. Chini yake nilikuta sentensi hii: Maji ya pale konani yalikuwa yamenuna. Mimi ndiye niliyeandika kwamba maji yalikuwa yamenuna. Niliandika hivyo nikiwa na miaka kumi na miwili, nimekaa juu ya gunia la chumvi, na bibi alikuwa pembeni yangu anageuza kambale.

Nilisema, "Sawa, mwalimu. Pitia Ijumaa."

"Umejuaje mimi ni mwalimu?"

"Mwandiko."

Alifurahi sana. Alitoka dukani ananyoosha koti.

Nilichapa siku nne, na kwa siku nne sikusikia njaa. Mtu aliyewahi kuibiwa baiskeli kisha akaiona imepakwa rangi nyingine sokoni atanielewa. Ilikuwa hadithi yetu, kona yetu, mtumbwi wetu, wali wetu. Lakini alikuwa ameipachika vitu. Joka sasa lilikuwa na mabawa, na liliruka kutoka Kilombero likatua kwenye milima ya juu ya Mang'ula, sijui lilifuata nini huko kwa watalii. Lilitema moto ukawasha mawingu. Msichana alikuwa na mkuki. Na neno mkwe alilibakiza, kwa sababu nadhani alishagundua kwamba neno lile ndilo lenye utamu, ila hakuwa amejisumbua kumuuliza mtu maana yake. Kwa hiyo ukurasa wa kumi na tano msichana anamkumbatia mkwe wake joka, anamkazia macho, kisha wanakaa chini na kula wali sahani moja.

Nilikaa nikautazama ukurasa ule kwa muda mrefu. Kisha nikaanza kufikiria adhabu.

Nilifikiria kuufuta muswada wote na kusema umeme ulikatika. Ilikuwa adhabu ndogo. Nilifikiria kubadili kila joka kuwa mwalimu. Kompyuta inafanya kazi hiyo kwa kubonyeza mara moja, na nilibonyeza. Mwalimu akatambaa kwa tumbo hadi kwenye tope. Mwalimu alikuwa na magamba mgongoni na pumzi yenye harufu. Nilicheka peke yangu mpaka mteja aliyekuwa anasubiri kopi ya cheti akaniuliza kama niko salama. Kisha nikarudisha kila kitu mahali pake. Nilitaka kitabu chake kisomwe sawasawa, herufi kwa herufi, mbele ya watu.

Ijumaa alikuja, akavaa miwani, akapitia kurasa sita za mwanzo akitikisa kichwa kwa raha. "Huna kosa hata moja," aliniambia. "Ningekuwa bado nafundisha ningekupa ishirini kwa ishirini." Aliponiambia nitoe nakala na kwenda zake, niliongeza ukurasa mmoja mwisho wa kitabu, na nakala nikazipeleka shuleni mwenyewe asubuhi ya siku yenyewe.

Siku ya usomaji ilikuwa Jumatano asubuhi, chini ya turubai kwenye uwanja wa shule. Wazazi walialikwa. Nilipita soko la samaki siku mbili kabla nikahakikisha wanawake wa pale wanajua, hasa wale wakubwa waliowahi kukaa kambini. Bibi nilimleta kwa bajaji na kumkalisha benchi la mbele. Nilimwambia tu kwamba kuna hadithi ya joka. Aliniuliza, "Ya nani?" Nikamwambia atasikia.

Mwalimu alipanga wanafunzi mstari mmoja, kila mmoja asome ukurasa na kumpa mwenzake kitabu. Mwenyewe alikaa meza kuu, mikono ameikunja juu ya tumbo. Mwanzo ulikwenda vizuri. Niliona uso wa bibi ukiinuka polepole, kama anasikia mtu anaita jina lake kutoka ng'ambo. Hadithi ilipofika kwa msichana na mtumbwi, alishika mkono wangu, akaubana.

Ukurasa wa kumi na tano ulipofika, kilianza kicheko kwenye mabenchi ya wanawake wa samaki. Kwanza kimoja, cha puani. Mtoto aliyekuwa anasoma akarudia mstari kwa sababu alidhani amekosea. "Akala sahani moja na mkwe wake." Hapo walishindwa. Mmoja alijifunika khanga usoni, mwingine akasema kwa sauti, "Jamani, huyo binti hana wazazi?" Walicheka mpaka meza kuu ikaanza kutazamana. Mwalimu alitabasamu kidogo, akidhani labda aliandika kichekesho bila kujua. Nilimtazama akitabasamu na nikasema moyoni, subiri.

Msichana wa mwisho kwenye mstari alikuwa mdogo, sauti kali, msomaji hodari. Alifunua ukurasa wangu na kuusoma kama alivyofundishwa, bila kuruka nukta:

"Hadithi hii ilisimuliwa na bibi mmoja aliyekuwa akikausha samaki mtoni. Mjukuu wake aliiandika akiwa darasa la sita. Mwalimu wake aliisoma mbele ya darasa kwa kumcheka, akaipa sifuri kati ya ishirini, akaandika Upuuzi, na hakulirudisha daftari. Jina la mwalimu huyo liko kwenye jalada."

Mtoto akageuza kitabu, akatazama jalada, na kwa kuwa hakuna aliyemkataza, akalisoma na jina.

Sijui kama kuna chakula chenye ladha ile. Mwalimu aliomba kitabu, akavaa miwani, akausoma ukurasa mwenyewe huku midomo inacheza. Kisha akaanza kutupekua kwa macho, benchi moja baada ya jingine. Sikutaka ahangaike. Nilisimama nilipokuwa, nikapiga goti kidogo kama tulivyokuwa tukifanya shuleni, nikasema kwa sauti ya kufika kila mahali, "Shikamoo, mwalimu."

Mbele ya watu wote wale alilazimika kuitikia. "Marahaba," alisema.

Kwenye bajaji nilikuwa nimelewa ushindi. Nilimweleza bibi yote: daftari, wino mwekundu, zile kumi na nane nilizomdanganya. Nilitegemea alie, au anishike kichwa anibariki. Alishikilia chuma cha bajaji mpaka tumepita lami. Kisha akasema, "Ile ya moto. Nirudie."

"Bibi, ile ya moto si yako. Ile aliongeza yeye."

"Nimekwambia nirudie."

Nilirudia, nimekunja uso. Joka likafungua kinywa, moto ukatoka, mawingu yakawaka kutoka ng'ambo hii hadi ng'ambo ile. Bibi alisikiliza ameinamisha kichwa. "Miaka yote nimekaa kwenye moshi," alisema. "Moto umenila macho haya. Sikuwahi kuwaza kumpa mkwe." Nilikasirika. Nilimpigania miaka ishirini na zaidi moyoni mwangu, yeye akapendezwa na bidhaa ya mwizi.

Baada ya hapo watoto wa mtaa walianza kuja barazani jioni, jua likiwa bado lipo, kumsikiliza. Bibi aliuchukua ule moto na kuufanyia kazi. Mabawa aliyatupa, mkuki akautupa, sahani ile hata hakuigusa. Moto akauweka pale msichana anapoyapa maji mgongo: joka linaufungua mdomo nyuma yake, yeye anauona mwanga ukiwaka juu ya majani aliyoyatazama, analisikia joto shingoni, na hageuki. Watoto walibana pumzi. Mimi pia nilibana pumzi, ndani, nyuma ya mlango. Ilikuwa hadithi nzuri kuliko ile niliyoiandika, na nzuri kuliko ile niliyoichapa.

Mwalimu alikuja jioni moja kama hiyo. Alishuka kwenye pikipiki hapo nje, koti lilelile la kijivu, bila shaka amekuja kuchukua muswada wake na kunipasha. Lakini bibi alikuwa katikati ya hadithi, na huwezi kumkatiza mtu mzima. Alisimama nyuma ya watoto na kusikiliza. Nilimwona kutoka mlangoni. Bibi alipofika kwenye moto, uso wa mwalimu ulifunguka. Kwa mara ya kwanza tangu nimjue nilimwona amefurahi bila kumcheka mtu.

Alisubiri bibi apumzike kunywa maji. "Shikamoo, mama," alisema.

"Marahaba, baba."

"Mama, samahani. Hapo kwenye moto. Moto huo niliutia mimi."

Watoto wote waligeuka. Bibi aliinamisha kichwa upande wa sauti. Hakuwa amemsikia zaidi ya mara moja, kwenye marahaba ile ya siku ya usomaji, na sauti hiyo hakuishika. "Wewe nani?"

"Mimi ndiye niliyeutunga. Niliuwaza mwenyewe. Ni kitu pekee ambacho..." Hakumaliza. Mtoto mmoja alicheka, kisha wakacheka wengine, kwa sababu kila mtoto pale alijua kwamba joka ni la bibi.

Bibi aliita kuelekea mlangoni. "Mjukuu wangu, kuna mtu hapa anasema moto ni wake. Unamfahamu?"

Mwalimu alinitazama. Alikuwa anasema kweli, na pale barazani ni mimi peke yangu niliyeijua sura yake, na alijua kwamba najua. Sikuwa na haja ya kufikiri.

"Simfahamu, bibi," nilisema.

Aliendelea kusimama pale na mikono yake mitupu, watoto wakimcheka, na ule uso aliokuwa nao niliutambua mara moja, kwa sababu niliwahi kuwa nao mimi, nikiwa na miaka kumi na miwili. Nilimletea bahasha yake. Aliipokea kwa mikono miwili, akasema asante, akatembea mpaka kwenye pikipiki. Watoto walikuwa wanamvuta bibi nguo aendelee, naye akaendelea.